Anasubiri friji la chanjo livuke saa tisa

Saa kumi na mbili asubuhi. Chumba cha chanjo kinanuka dawa ya kupigia deki, dirisha liko wazi nusu, na dada mmoja mwenye sweta juu ya nguo za kazi amesimama mbele ya swichi ya ukutani kama mtu aliyeambiwa ina shoti.

"Sista, niwashe?"

"Si ndicho ulichokuja kufanya? Washa."

Anawasha. Taa ndogo ya kijani kwenye friji inawaka lakini mota iko kimya. Ndivyo inavyotakiwa, isubiri kwanza umeme utulie. Dada anajua hivyo, kaiandika mwenyewe hiyo sheria, ila bado anaikodolea macho ile taa mpaka dakika tano ziishe na mota ianze kukoroma. Hapo ndipo anapokumbuka kupumua.

"Haya," anasema Sista, anavuta kiti. "Tuone kama saa tisa itapita salama."

Basi hiyo ndiyo kazi ya leo. Kukaa kwenye benchi na kuliangalia friji mpaka saa tisa alasiri. Kuna watu watasema hiyo nayo ni kazi? Subiri kwanza.

Huyu dada ni mwandishi wa programu kwenye karakana moja inayotengeneza mafriji ya kuhifadhia chanjo. Ana miaka thelathini na kitu, anaishi na mama yake kwenye vyumba viwili vya kupanga, na mafundi wenzake wanamwita Baiti, jina la kipimo cha nafasi kwenye kompyuta. Jina lenyewe ni jipya, ana wiki chache nalo. Wamempa kwa kuwa siku hizi hata akiagiza chai anauliza kikombe chenu kina ukubwa gani.

"Wananicheka, wacha wacheke," anasema. "Mimi sasa kila kitu nataka nijue kinabeba kiasi gani kabla sijakitia kitu."

Wenzake wanakunja mabati, wanachomea, wanajaza gesi. Yeye anakaa na kompyuta na waya mmoja mrefu. Anaandika maneno ambayo yakishaingia kwenye bodi ndogo nyuma ya friji, ndiyo yanayoamua mota iwake saa ngapi na izimike saa ngapi. Joto likifika sita, washa. Likishuka hadi tatu, zima. Umeme ukikatika halafu ukarudi, usiwashe chochote mpaka dakika tano zipite, maana umeme ukirudi huwa unarudi na vurugu, unaweza kuunguza mota. Mambo ya kawaida kabisa. Mtoto anaweza kuyaelewa.

Kwa hiyo tatizo liko wapi?

Tatizo lilianza na bodi. Ile bodi waliyozoea iliadimika sokoni, na bosi wa karakana akapata nyingine, ndogo zaidi, inapatikana kirahisi. Akamwambia Baiti hamishia programu yako humu. Baiti akahamisha. Programu ikakubali mara ya kwanza, bila kosa hata moja, bila hata onyo.

"Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka," anasema, macho hayatoki kwenye friji. "Programu haijawahi kunikubalia mara ya kwanza tangu nizaliwe. Siku ile ikakubali, nikanunulia watu soda."

Wakaunda mafriji kumi na manne kwa bodi hiyo mpya. Moja likaja hapa, kwenye zahanati hii yenye vyumba vitano, chumba cha chanjo kikiwa cha mwisho kushoto.

Wiki ya kwanza tu, Sista akaingia asubuhi, akafungua friji, akakuta joto. Umeme upo. Taa ya kijani inawaka. Kipimo kinasoma kumi na tano, wakati chanjo haitakiwi kuvuka nane.

"Nikafunga mlango wa friji, nikachungulia dirishani," anasimulia. Sista ni mama wa makamo, sauti yake nzito kidogo, anavaa miwani ikiwa imefungwa kamba shingoni. "Nje kina mama wameshaanza kupanga foleni. Watoto mgongoni. Nikatoka nikawaambia rudini nyumbani, chanjo imeharibika. Unajua mama aliyetembea na mtoto mchanga anavyokuangalia ukimwambia hivyo?"

Akapiga simu karakana. Fundi akaja, akazima friji, akawasha, akasubiri dakika tano, mota ikakoroma. Akasema, "Sista, mbona zima kabisa hili?" Akanywa maji, akaondoka.

Likarudia.

Fundi akarudi. Akazima, akawasha, likakubali. Safari hii akamwuliza, "Kwani hapa nani anafungua mlango ovyo ovyo?"

"Mimi!" Sista anajigonga kifua kwa kidole. "Eti mimi! Miaka yote hii nimelala na chanjo, nimeamka na chanjo, leo naambiwa nafungua friji kama mtoto anayetafuta barafu. Nikamwambia mwanangu, toka ofisini kwangu kabla sijasahau umri wangu."

Mlinzi wa zahanati, ambaye tangu asubuhi hapitwi na jambo, anachungulia mlangoni. "Na kweli alitoka, nilimfungulia geti mimi. Hakusubiri hata kuaga."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Malalamiko yalitoka zahanati hii peke yake. Mafriji mengine kumi na matatu, kimya. Mengi yako sehemu ambazo umeme unakatika kila leo, na huko yanafanya kazi vizuri, watu wanayasifu. Hili liko kwenye laini moja na kiwanda, umeme haukatiki kabisa, na ndilo linalokufa. Karakana nzima ikaamini shida ni Sista. Wewe ungeamini nini?

Baiti naye aliamini hivyo, anakiri. Mpaka alipotumwa aje aangalie mwenyewe. Hakugusa hata bisibisi. Aliuliza swali moja tu.

"Nikamwuliza Sista, hapa umeme ulikatika lini mara ya mwisho? Akaniambia, hapa? Sikumbuki. Nikamwambia naomba nikae kidogo."

Akakaa kwenye benchi hili hili.

Anajaribu kueleza, mikono inacheza hewani. Ukiandika programu kwa lugha ya C, anasema, kila namba lazima uipe chombo cha kukaa. Chombo ambacho kila mtu anakitumia, ambacho unafundishwa siku ya kwanza, kinaitwa int. Sasa lugha yenyewe haikuambii int ina ukubwa gani. Inakuahidi tu kwamba haitakuwa ndogo kupita kiwango fulani. Yaliyobaki yanategemea na chipu, ule ubongo wa bodi, unayoiandikia.

"Kwenye kompyuta yangu, int ni baiti nne. Kwenye bodi ya zamani, baiti nne. Hapo ukihesabu sekunde unahesabu mpaka wajukuu wazeeke, haijai. Kwenye bodi mpya, baiti mbili. Mbili tu! Na neno ni lile lile. Hujabadilisha herufi. Unasoma programu yako, unaiona imekaa vizuri kama jana."

Chombo cha baiti mbili kinabeba hadi elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Basi. Baiti alikuwa ameweka humo sekunde zilizopita tangu umeme uwake. Piga hesabu: ni saa tisa na dakika chache.

"Na zikizidi?" anauliza Sista. Anajua jibu, kashaelezwa, ila anapenda kulisikia kama vile mtu anavyopenda kusikia kesi aliyoshinda.

"Ndoo ikijaa maji yanamwagika, unaona sakafu imelowa. Namba haimwagiki, Sista. Inageuka. Inakwenda chini kabisa, inakuwa hasi elfu thelathini na mbili na zaidi, halafu inaanza kupanda taratibu. Sasa friji linajiuliza, je, dakika tano zimepita tangu umeme urudi? Linaangalia namba, ni hasi. Linasema bado, hata umeme wenyewe haujarudi, nisubiri. Linasubiri namba ipande mpaka ifike mahali pake."

"Yaani saa tisa nyingine."

"Saa tisa nyingine mota imelala. Na taa ya kijani inakuchekea."

Kwa hiyo pale umeme unapokatika mara kwa mara, hesabu ilikuwa inaanza upya kila siku kabla chombo hakijajaa. Kukatika kwa umeme ndiko kulikokuwa kunayaokoa yale mafriji mengine. Ukiwa na umeme mzuri, umekwisha.

Lakini karakanani si walilijaribu? Walilijaribu sana. Siku tano mfululizo, na vipimo vyote vikaandikwa safi. Ila ile karakana ina utaratibu wake. Bosi wao mafundi wanamwita Mzee wa Swichi. Karakana yake ya kwanza iliungua, yeye yuko nyumbani amelala, waya ulioachwa na umeme ndio ulioanzisha. Tangu hapo, jioni kabla ya kufunga mlango anaenda mwenyewe kwenye swichi kuu, anaishusha, anarudi kuihakikisha, halafu anaihakikisha tena. Hamwamini mtu kwa kazi hiyo. Hata mke wake akimpigia simu ana dharura, atamjibu baada ya swichi.

Karakana inafunguliwa saa mbili asubuhi, inafungwa saa kumi jioni. Haijafika hata siku moja friji likakaa na umeme saa tisa.

"Ningejuaje?" anauliza mzee huyo kwenye simu, sauti ya mtu asiyelala vizuri. "Mimi nazuia moto. Sasa naambiwa ninavyozuia moto ndivyo nilivyoficha ugonjwa. Huyu binti simlaumu. Lakini nimemwambia ukweli, wateja wakirudisha mafriji sina pa kuyaweka. Hilo la leo likikataa, tutanunua bodi zilizokuja na programu zao tayari, na yeye sitakuwa na kazi ya kumpa. Nitasemaje sasa?"

Baiti anaisikia sauti hiyo kwenye spika. Anafuta simu kwenye sweta, anairudisha mfukoni.

Saa nne. Mota inazima, joto tatu. Baadaye inawaka, joto sita. Inazima. Kila ikizima Baiti anakaa wima. Kila ikiwaka anaegemea ukuta.

Chanjo zenyewe ziko pembeni, kwenye maboksi mawili ya barafu, Sista kazifunika na shuka juu kama watoto waliolala. Barafu inatosha mpaka jioni. Kesho ni siku ya chanjo, na kina mama wale wale waliorudishwa wameambiwa waje. Friji likivuka saa tisa salama, chanjo zinarudi ndani. Likikataa, gari la hospitali kubwa linakuja kuzichukua saa kumi, na kesho Sista atasimama tena mlangoni kuwaambia watu rudini nyumbani.

"Mara ya pili sitaweza," anasema. Hasemi kwa hasira sasa. "Wengine hawatarudi ya tatu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Si friji."

Mlinzi anarudi na chai. Anamwekea Baiti kikombe, anakaa kwenye kizingiti.

"Samahani fundi. Hili friji lina mimba? Mnaliangalia kama mke wa mtu yuko leba."

"We cheka tu."

"Sicheki. Nauliza nijue kama niite mkunga."

Sista anamrushia kitambaa cha kufutia meza. Baiti anacheka, kidogo tu, halafu anageuka haraka kutazama kipimo kama vile amefumaniwa akicheka msibani.

Kwa nini mnangoja kutwa nzima, mtu anaweza kuuliza, si angeidanganya tu hesabu, aanzishe na namba kubwa iliyokaribia kujaa? Alishafanya. Karakanani, mezani, aliianzisha hesabu karibu kabisa na kikomo, ikavuka bila shida.

"Nikamwambia Sista imepita. Akaniambia, hata mara ya kwanza mliniambia imepita."

"Na si mlisema?"

"Tulisema."

"Basi nataka ipite hapa, yenyewe, kwa umeme wangu, mimi nikiiona. Mezani kwenu kila kitu kinapita."

Baiti hana ubishi na hilo. Na ndani yake, anasema, kuna kitu kinamla zaidi ya Sista. Ile int aliyoikamata aliiona. Je, kama kuna nyingine hajaiona? Baada ya kugundua kosa, aliisoma programu nzima upya, mstari kwa mstari, na akakuta mitego mingine. Sehemu moja alikuwa anazidisha saa ishirini na nne kwa dakika sitini kwa sekunde sitini ili apate siku moja. Kwenye kompyuta yake jibu linatoka sawa. Kwenye bodi ndogo jibu linajaa na kugeuka hata kabla hujaliweka mahali. Sehemu nyingine alikuwa ametumia long, chombo ambacho aliamini siku zote ni kikubwa kiasi fulani. Akaenda kuangalia. Kumbe nacho kina baiti nne kwenye chipu hii, baiti nane kwenye ile.

"Ni kama kumwagiza mtu aninunulie mfuko wa mchele. Mfuko upi? Kila duka lina mfuko wake. Mimi nilikuwa nimeandika mfuko, mfuko, mfuko, programu nzima."

Sasa haandiki mfuko. Anaandika kilo. Lugha ya C ina majina mengine, marefu kidogo, hayapendezi kuandika, ambayo yanataja ukubwa humo humo: uint32_t, maana yake namba isiyo na hasi, ya biti thelathini na mbili, yaani baiti nne, kwenye chipu yoyote ile, iwe kubwa iwe ndogo. Kazibadilisha zote. Anadhani zote.

"Unadhani?" anauliza Sista.

"Nimezibadilisha zote."

"Umesema unadhani."

"Sista, tafadhali."

Simu inaita. Ni mama yake Baiti.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"...Chai."

"Chai ni chakula? Hilo friji bado halijapona?"

"Friji haliumwi, mama. Ni programu."

"Mimi nimewaambia majirani unatengeneza mafriji. Mama wa chumba cha pili ana lake haligandishi, anauliza utapita lini."

"Mama, mimi siwezi kutengeneza friji."

"Sasa hapo uko wapi?"

Baiti anatazama friji, anamtazama Sista. Mlinzi kageukia ukutani mabega yanamtikisika.

Ukimwuliza mama mtu, atakwambia binti huyu tangu mdogo alikuwa hana raha na kitu kinachofanya kazi bila yeye kujua kwa nini. Alisoma chuo cha ufundi, darasa la umeme, akakutana na kompyuta moja iliyokuwa inagombewa na darasa zima. Alikuwa anafika kabla mlango haujafunguliwa. Mshahara wake wa sasa ndio unaolipa kodi ya vile vyumba viwili, na dawa za presha za mama. Hapendi kulizungumzia hilo. Anasema tu, "Nyumbani wananitegemea," halafu anarudi kwenye kipimo.

Saa nane na nusu. Hewa ya chumbani imekuwa nzito. Mlinzi kaacha geti, kasimama kabisa ndani. Mhudumu wa usafi naye kaja na fagio, hafagii.

Baiti anatoa kompyuta, anaichomeka kwa ule waya wake nyuma ya friji. Namba zinapita kwenye kioo, moja moja, kila sekunde. Elfu thelathini na zaidi. Anasema alitaka asiziangalie. Hawezi.

Dakika chache kabla ya saa tisa, mota inazima. Joto tatu.

"Sasa hivi?" Sista anasimama. "Imezima kwa nini sasa hivi?"

"Imefika tatu. Ni zamu yake kuzima."

"Sasa tutajuaje?"

Ndiyo hivyo. Tutajuaje? Namba itavuka mota ikiwa imelala, na mota iliyolala kwa kupumzika na mota iliyolala kwa kukataa zinafanana. Zote kimya. Zote taa ya kijani.

Saa tisa inapita kwenye saa ya ukutani. Dakika moja. Tatu. Sita. Kwenye kompyuta namba inafika elfu thelathini na mbili, mia saba sitini. Sitini na tano. Sitini na sita. Sitini na saba.

Sitini na nane.

Haijageuka. Imesonga mbele kama vile hakuna kitu hapo. Mlinzi anapiga makofi, mara mbili hivi, kisha anaona wenzake hawapigi, anaacha.

"Namba imevuka," anasema Sista. "Mimi sihifadhi chanjo kwenye namba. Mota je?"

Anakwenda, anaufungua mlango wa friji wazi wote. Baridi inamwagika miguuni mwao.

"Tuliamshe."

Nne. Tano. Kipimo kinapanda taratibu mno. Mhudumu wa usafi anaanza kupepea hewa ya nje iingie, kwa kipande cha boksi, hakuna aliyemtuma. Sita. Sita na nusu.

Mota kimya.

Saba.

"Binti."

"Inasubiri," anasema Baiti. "Nimeiandika isiamini mlango uliofunguliwa. Lazima joto likae juu kwa dakika nzima ndipo iamini."

"Uliiandika kwa kilo au kwa mfuko?"

Baiti amefunga macho. Anaipitia programu kichwani, unaona midomo inacheza, anatafuta huo mstari, chombo cha hiyo dakika alikipa jina gani. Dakika nzima kumbe ni ndefu hivi. Mlinzi amevua kofia.

Halafu friji linatikisika kidogo kwenye miguu yake, na mota inakoroma.

Hakuna anayeshangilia. Sista anafunga mlango wa friji kwa mikono miwili, polepole, anauegemea kwa mgongo, anavua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya shuka lililofunika maboksi. Anaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Gari la hospitali kubwa lipigie simu lisije," anamwambia mlinzi. Kisha anamgeukia Baiti. "Na wewe nenda ukale. Chakula, si chai."

Hiyo ingetosha kuwa mwisho, kama Sista asingeendelea kuongea. Anasema kwa furaha tu, mtu aliyetua mzigo: hata mwenzake wa zahanati ya mlimani leo kamtumia ujumbe, wana habari njema, wamehamishiwa laini mpya, umeme sasa haukatiki hata kidogo.

Baiti alikuwa anakunja waya. Anasimama.

"Lini?"

"Lini nini?"

"Laini mpya, Sista. Lini?"

"Jana, nadhani."

Ile zahanati ina friji la karakana yao. Lina bodi mpya na programu ya zamani. Baiti alishawapigia wote kumi na watatu, akawaomba kila baada ya saa nane, usiku na mchana, wazime swichi na kuiwasha, hesabu ianze upya, mpaka atakapowafikia. Wa mlimani walimcheka, wakasema huku umeme unajizima wenyewe, tukusaidie tena kuuzima?

Anapiga. Inaita mpaka inakatika. Anapiga tena.

"Halo?"

"Dada, ni fundi wa friji. Uko kazini?"

"Nipo, nafunga sasa hivi nitoke. Umesikia tuna umeme—"

"Usifunge! Nenda kwenye friji. Tafadhali, nenda ukiwa na simu. Kipimo kinasemaje?"

Mlango unafunguliwa huko. Hatua.

"Saba. Saba na kitu. Mbona mota siisikii?"

"Zima ukutani. Hesabu mpaka kumi. Washa. Usikate simu."

Kwa hiyo wanakaa tena, dakika tano nyingine, watu wanne wameinamia simu moja iliyowekwa juu ya benchi, wakisikiliza chumba kisichoonekana. Yule muuguzi wa mlimani anasoma kipimo kila kinapobadilika. Saba na nusu. Saba na nusu bado. Anauliza kama atafute barafu. Sista anamjibu kwa sauti ya juu atafute, haraka. Kabla hajafika mlangoni, simu inaleta mkoromo hafifu, halafu yule muuguzi anasema, "Imewaka," na unamsikia anakaa chini.

Baiti anakata simu. Chakula kimesahaulika. Anaanza kupanga safari hapo hapo: kesho alfajiri mlimani kwanza, halafu wale wa kando ya barabara kuu, na wenye umeme mbaya wawe wa mwisho, nao anawaombea umeme uendelee kuwa mbaya wiki moja zaidi, Mungu amsamehe. Mzee wa Swichi kakubali kwa simu kumpa pikipiki ya karakana na fundi mmoja. Kakubali pia kwamba meza moja ya majaribio itabaki na umeme wakati wote, ila yeye mwenyewe atalala karakanani na ndoo za mchanga.

Na programu? Ana mpango nayo. Kuna mstari anataka kuuandika juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, unaoipima bodi kwanza. Kama chombo ni kidogo kuliko alivyokusudia, programu isikubali hata kutengenezwa. Ikatae pale pale, kwa maandishi mekundu, hata kama fundi atakayekuwa amekaa kwenye kiti hicho si yeye, hata kama bodi ni ya aina ambayo leo haijabuniwa.

"Nataka initukane mimi mezani," anasema, anabeba begi. "Initukane mpaka nilie. Ila ikishanikubalia, basi mtoto wa mtu asirudishwe mlangoni kwa sababu yangu."

Anafika getini, anarudi mbio. Amesahau waya.